Boksi la santuri za panki la marehemu baba: alikuwa anasikia nini humo ndani?

Swali: Shikamoo anko. Marehemu baba alizaliwa Unguja, akaenda London 1975 kusoma ufundi, akarudi 1980, akaoa, tukazaliwa sisi. Hapa Tanga tulimjua mtu wa msikitini, mpole, redioni anasikiliza taarab tu. Tulipofungua kabati lake tumekuta boksi la santuri ndogondogo kama thelathini, jaketi jeusi limejaa pini, na vijarida vya fotokopi. Rafiki yangu ana mashine, nikazicheza, ni kelele tupu, mtu anapiga ukelele na gitaa kama mashine ya kusaga. Baba alikuwa anasikia nini humo? Na nizifanyeje?

Jibu:

Marahaba mwanangu, pole sana, Mungu amrehemu mzee wetu. Swali lako nimekaa nalo siku nne, kila nikianza kuandika naishia kukumbuka ya kwangu, na wewe umeuliza ya baba yako, mwisho nimeona hakuna njia nyingine, nitakusimulia yangu na humo utayaona yake. Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti, miaka arobaini na zaidi sasa, lakini kabla ya hapo nilikuwa kijana London miaka hiyohiyo. Sisi tulitoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, mimi mtoto wa miaka minne, kwa hiyo panki inaanza nina kumi na sita. London kubwa ila kumbi zile zilikuwa chache na ndogo, na vijana wa Pwani ndani yake tulikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, inawezekana kabisa nimewahi kusimama ubavuni mwa baba yako bila kumjua.

Kabla ya yote nikuulize, ulizicheza kwa spidi gani? Santuri ndogo ya inchi 7 inazunguka mara 45 kwa dakika, zile kubwa ndo 33. Mashine nyingi watu wanaziacha kwenye 33 kwa vile ndo wanayotumia kila siku, na panki ukiicheza kwenye 33 inakuwa mtu anakoroma halafu gitaa ndo linakuwa hiyo mashine ya kusaga uliyoisema. Angalia kitufe pembeni ya sahani. Weka 45, cheza moja, halafu rudi uendelee kusoma.

Sasa neno lenyewe. Hapa kwetu ukisema panki mtu anamuwaza kinyozi, pembeni kweupe katikati zimesimama kama kilemba cha jogoo. Nywele hizo zilikuja baadaye. 1976 na 1977 wengi wetu nywele zilikuwa fupi tu, zimekatwa ovyo na mkasi wa jikoni, na nguo ni za mtumba zimechanwa zikashikizwa pini. Panki tunayoizungumza ni muziki, na kwa mtu wa taarab kama baba yako nadhani ni rahisi kuuelewa kuliko unavyofikiria, maana jibu lako limo humohumo kwenye taarab.

Chukua taarab ya ukumbini, ile ya kina Ikhwani Safaa, fidla zimepangwa safu, kanuni, udi, akodioni, watu wamekaa vitini wamejitia manukato, wimbo mmoja unakwenda robo saa na mtu anainuka kutunza kwa adabu. Sasa toka hapo nenda Ng'ambo ya mjini Unguja kwenye arusi ya watu wa kawaida utakuta kidumbak. Fidla moja, vidumbak viwili vya udongo, cherewa, mkwasa, na besi ni sanduku la chai limegeuzwa likatiwa fimbo na kamba. Nyimbo ni za taarab hizohizo lakini zimekimbizwa, zimeunganishwa moja kwa moja bila kupumzika, maneno yamekuwa ya mtaani na makali, na hapo hakuna aliyekaa kitini. Ni muziki wa wasio na hela ya kuita kundi zima. Basi rock ya Uingereza ya 1975 ilikuwa ya ukumbini. Bendi inakuja na malori ya vyombo, mpiga kinanda kazungukwa na vinanda kila upande, wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri, mwanamuziki yuko mbali huko jukwaani unamuona kama kidole. Panki ndo kidumbak chake. Waliichukua rock wakaitoa nje wakaipigia sanduku la chai. Mtu aliyekulia Unguja fidla ikikwaruza yeye hashtuki, anajua hapo kuna arusi.

Na huo mkwaruzo wenyewe sio ubovu wa rekodi, hili naliongea kama fundi. Amplifaya ukiisukuma kupita uwezo wake linakatwa wimbi la sauti vichwa vyake, juu na chini, na hapo pakikatwa ndo panazaa ile sauti ya ukali. Mafundi wa zamani kazi yao ilikuwa kuhakikisha jambo hilo halitokei. Hawa walilitafuta kwa makusudi. Halafu kuna mkono wenyewe. Sikiliza bendi ya Ramones, hao ni wa New York sio London lakini sote tuliwafuata, mpiga gitaa wao Johnny Ramone mkono wake ulikuwa unashuka tu, haupandi na kushuka kama wapigaji wengine, ni shuka shuka shuka wimbo mzima, jaribu dakika moja uone mkono unavyokufa ganzi. Santuri yao ya kwanza ilitoka Aprili 1976, nyimbo 14 na zote zinaisha ndani ya nusu saa, kuirekodi iliwagharimu kama dola 6,400, wakati ule bendi kubwa zinalala studio miezi. Tarehe 4 Julai mwaka huo wakaja kupiga London ukumbi wa Roundhouse na karibu kila kijana aliyekuja kuwa mtu kwenye panki ya Uingereza anasema pale ndo alipata moto. Mimi sikuwepo, sikuwa na nauli wala ruhusa.

Hali ya mji ilikuwaje? Mbaya. Wasio na kazi Uingereza walikuwa wamepita milioni moja, serikali ikaenda kukopa IMF, na kiangazi cha 1976 mvua ilikatika mpaka wakamteua waziri wa kushughulikia ukame, Uingereza hiyo! Sisi tulikaa kusini ya mto, ghorofa ya nne, lifti mbovu, mama anapandisha gunia la mchele ngazi kwa ngazi. Na kila nikitoka mlangoni swali la kwanza unatoka wapi, la pili unarudi lini. Chama cha National Front kilikuwa kinaandamana barabarani mchana kweupe kikitaka watu kama sisi tufukuzwe, uchaguzi wa jiji la London 1977 kilipata kura kama 119,000. Baba yako alitembea kwenye mitaa hiyo mwanangu. Kijana wa miaka ishirini hivi, peke yake, kachumba ka kupanga, Kiingereza bado kina lafudhi ya nyumbani. Hilo uliweke moyoni unaposikiliza.

Mara ya kwanza mimi kuingia ilikuwa Machi 1977, klabu inaitwa The Roxy, Neal Street, Covent Garden. Rafiki yangu wa skuli, wazazi wake wa Jamaika, ndo alinibeba, aliniambia tu njoo utaona. Covent Garden ya siku hizo usiifananishe na ya leo ya watalii, soko la mboga lilikuwa limehamishwa, majengo matupu, giza. Unaingia mlango mdogo halafu unashuka ngazi kwenda chini, dari iko chini naweza kuigusa, joto la pumzi za watu linapanda linagusa dari linarudi kama manyunyu. Na kitu cha kwanza nilichokisikia nikiwa bado kwenye ngazi haikuwa panki, ilikuwa besi. Besi ya regge, dab ya Jamaika, yaani regge iliyopunguzwa kuimba ikaachiwa besi na ngoma, nzito, inapita kwenye ukuta inaingia mgongoni. Nikasimama pale kwenye ngazi nikamtazama mwenzangu, akacheka.

DJ wa pale alikuwa Don Letts, kijana mweusi wa London, wazazi wake Wajamaika. Na sababu ya kucheza regge ni ya kawaida kabisa: santuri za panki hazikuwepo za kutosha! Ya kwanza kabisa ya bendi ya Uingereza, ya The Damned, ilitoka Oktoba 1976, sasa wewe una usiku mzima wa kujaza na wimbo mmoja ni dakika mbili na nusu utacheza nini, akawa anacheza alizokuwa nazo nyumbani. Bendi inamaliza fujo yake, watu wanatweta, halafu inaingia dab taratibu, wanasimama wanapumua nayo. Wale watoto wa kizungu wengi wao hawakuwahi kukaa na mtu mweusi chumba kimoja wakafurahi pamoja. Pale walisimama. Nami nikasimama. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi, wallahi hata mmoja, usiku kucha. Waliniuliza kama nina sigara na kama napiga chombo chochote.

Bendi ya kwanza ilipopanda jina lao sikulishika. Watu wanacheza kwa kuruka juu wima, mikono ubavuni, kama mchi unavyoruka kinuni, na ukianguka wanakuinua, mkono usioujua unakushika kwapa unakusimamisha unaendelea. Msichana alikuwa anapiga ngoma na fimbo moja ilikatika akaendelea na kipande. Nilitoka pale masikio yanapiga mluzi nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu, kupita daraja la Waterloo, alfajiri inakaribia, nafikiri sijawahi kuwa na furaha vile kabla ya hapo.

Pini nilizichomoa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Zilikuwa pini za mama, za kubania mtandio, nilizichukua kwenye kopo lake la biskuti anakoweka nyuzi na vifungo. Niliporudisha zilikuwa zimepungua mbili na yeye alikuwa ameamka anasubiri maji ya udhu yapate moto, akaniangalia, akahesabu, hakusema neno. Wiki ya pili kwenye kopo nikakuta karatasi mpya ya pini dazeni nzima haijafunguliwa, imewekwa juu kabisa. Kwa hiyo ukilishika lile jaketi la baba yako zitazame pini zake. Kama ni zile kubwa za nepi alizinunua dukani. Kama ni nyembamba za mtandio, kuna mwanamke wa kwetu alimpa.

Hiyo habari ya regge na panki ndo kitu kilichowashika vijana wa rangi yetu, na ndo maana nina uhakika mkubwa kwamba humo bokisini utakuta regge imechanganywa. The Clash usiwapite. Muimbaji wao Joe Strummer alizaliwa Ankara, baba yake alikuwa mtumishi wa ubalozi, na Paul Simonon wa besi alikulia Brixton katikati ya Wajamaika, hawa wawili walikuwepo kwenye kanivali ya Notting Hill Agosti 1976 vijana weusi walipopigana na polisi, na kwenye santuri yao ya kwanza ya Aprili 1977 wakaweka regge ya Junior Murvin, wakaipiga kwa mikono yao mpaka dakika sita, kwenye panki dakika sita ni karne. Hata Bob Marley alikuwa London mwaka huo na akatunga wimbo kuhusu karamu ya panki na regge pamoja.

Na huyu nakuomba umtafute kwa jina: Poly Styrene, bendi yake X-Ray Spex. Jina la nyumbani ni Marianne Elliott-Said, baba yake Msomali, mama Mwingereza. Fikiria 1977 msichana wa miaka kumi na tisa ishirini, damu ya huku kwetu, meno yamefungwa waya, nguo za rangi za kuumiza macho kazitafuta mwenyewe, nyuma yake saksafoni, na anaimba kwa sauti inayokwenda juu kama kengele. Walimcheka meno, walimcheka umbo. Siti binti Saad naye walimcheka sura wakasema katoka shamba na kaniki, akawajibu kwa wimbo, na Poly alifanya vilevile. Mimi nilipomuona niliona dada zangu. Alifariki Aprili 2011 na siku hiyo nilifunga karakana mapema.

Lakini kama unaniuliza mimi alikuwa anasikia nini, jibu langu ni neno moja: ruhusa.

Nikueleze kwa kitu unachoweza kukishika mkononi. Tafuta kwenye boksi santuri ndogo ya Buzzcocks, vijana wa Manchester, inaitwa Spiral Scratch, Januari 1977. Walikopa pauni 500 kwa ndugu na jamaa, wakarekodi, wakachapisha nakala 1,000 kwa lebo yao wenyewe bila kampuni yoyote, wakiomba Mungu zirudishe deni. Ziliuzwa mpaka zikafika 16,000. Sasa geuza jalada nyuma usome. Pembeni ya kila wimbo wameandika umerekodiwa jaribio la ngapi, na kama kuna kitu kiliongezwa juu yake baadaye. Wamekufunulia kazi yote! Kabla ya hapo sisi tulidhani santuri inashuka kutoka mahali fulani, kama mvua, kuna watu maalumu wanaozitengeneza. Hawa wamekuandikia nyuma kwamba tulijaribu mara tatu ikakubali.

Vile vijarida vya fotokopi ni hivyohivyo. Mark Perry alikuwa karani wa benki, kijana wa Deptford, aliposikia Ramones Julai 1976 akaacha kusubiri magazeti yaandike, akapiga taipu kijarida chake mwenyewe Sniffin' Glue, vichwa vya habari kaandika kwa kalamu nene ya mkono, makosa kayakata kwa kalamu tu, nakala za kwanza ni chache kabisa, ndani ya mwaka ikawa maelfu. Na kingine kilichoitwa Sideburns, mwanzoni mwa 1977, kilichora picha tatu za shingo ya gitaa na vidole vinapokaa, kikasema hii kodi moja (chord kwa Kiingereza, noti kadhaa zinazopigwa pamoja), hii ya pili, hii ya tatu, sasa nenda kaanzishe bendi. Watu mpaka leo wanasema mchoro ule ulikuwa wa Sniffin' Glue, sio kweli. Ukiikuta kurasa hiyo usiikunje.

Sisi tulianzisha. Mimi, yule rafiki wa Kijamaika, na msichana mmoja wa darasa letu mwenye sauti kali, mimi nikashika besi. Tulipiga mara tatu tu kwenye ukumbi wa vijana, na mara ya pili amplifaya ikakata katikati ya wimbo wa kwanza. Hela ya fundi hatuna, fundi mwenyewe hatumjui. Nikaigeuza nikafungua skrubu nne za nyuma kwa kisu cha siagi. Ndani harufu ya vumbi linaloungua, taa za kioo bado zina wekundu, na fyuzi imekatika, kijiwaya chembamba kama unywele kimeyeyuka kimeacha doa jeusi kwenye kioo. Nikachomoa plagi, nikaizungushia fyuzi karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikarudisha. Ikawaka. Usije ukafanya hivyo mwanangu, ni hatari, nyumba inaungua, lakini siku ile iliwaka tukamaliza nyimbo zetu tano na mimi ndo nikajua nataka kufanya nini duniani. Kazi niliyoifanya mpaka leo, nikasomesha watoto, ilianzia kwenye zile skrubu nne. Na baba yako umesema alikwenda kusoma ufundi. Unaona?

Sitaki nikudanganye kwamba yote yalikuwa mazuri. Watu waliwatemea mate wanamuziki na kuona ni sifa, uchafu mtupu, sikuwahi kuupenda. Wengine walivaa alama ya Wanazi kwa kutaka kuudhi wazazi wao, na mimi niliyekuwa nakimbizwa na wenye alama hiyo sikuona cha kuchekesha mpaka leo sikioni. Dawa za kulevya ziliingia zikachukua watu, Sid Vicious wa bendi ya Sex Pistols alikufa Februari 1979 ana miaka 21. Hao Sex Pistols wenyewe ndo waliokuwa na jina kuliko wote, waliotukana kwenye televisheni Desemba 1976 nchi nzima ikapiga kelele, wimbo wao wa kumpinga malkia BBC haikuucheza na bado ulifika namba mbili wiki ya jubilii ya malkia, Juni 1977, na Januari 1978 wakavunjika. Sikai sana hapo, hizo habari utazipata kokote.

Kitu ambacho hutakipata kokote ni jinsi ilivyokuwa kuingia bustani ya Victoria Park, mashariki ya London, tarehe 30 Aprili 1978. Asili yake ni hii: Agosti 1976 Eric Clapton, aliyepata jina kwa kupiga muziki wa watu weusi, alisimama jukwaani Birmingham akawaambia watu wageni waondoke Uingereza. Watu wakakasirika wakaandika barua magazetini, ikazaliwa Rock Against Racism, muziki dhidi ya ubaguzi, kila tamasha wanaweka bendi ya panki na ya regge jukwaa moja. Siku hiyo tuliandamana kutoka Trafalgar Square, katikati ya jiji, mpaka huko, mwendo wa saa na saa, malori yanapiga muziki katikati ya watu, na tulipofika bustanini wanaofika bado hawajaisha, wanasema tulikuwa 80,000 mpaka 100,000. Poly Styrene kajifunga kitambaa kichwani. Steel Pulse wakapiga, Tom Robinson, The Clash. Mimi nilikuwa kwenye mabega ya mtu simjui jina, Mzungu mkubwa mwenye mikono ya kazi, aliniona sioni akaniinua tu kama mtoto wake. Kutoka juu pale nikageuka nyuma nione watu wanaishia wapi. Sikuona mwisho wao. Miaka yote kumi na minne niliyokaa nchi ile nilikuwa nadhani wanaotutaka ni wachache na wasiotutaka ni nchi nzima.

Mwaka uliofuata ikaja Southall, 23 Aprili 1979, na hii nakuelezea kwa kuwa pale Kiswahili kilikuwepo. Southall, magharibi ya London, ilikuwa imejaa Wahindi, na baadhi yao walitoka Kenya na Uganda, waliofukuzwa na Amin 1972 na wengine kabla, na ukiingia duka la viungo unaweza ukaagiza kwa Kiswahili, mzee wa Kisumu anakupimia bizari anakuuliza habari za Mombasa. National Front wakapewa ukumbi wa mji katikati ya watu hao wafanye mkutano. Vijana wakatoka, polisi wakapiga watu, mwalimu Blair Peach mwenye miaka 33 akapigwa kichwani akafa, na ripoti ya polisi wenyewe iliyotolewa 2010 ilisema yamkini mpigaji ni polisi. Nyumba ya vijana wa regge wa kundi la Misty in Roots ilivunjwavunjwa na vyombo vyake vyote. Baada ya hapo kwangu panki haikuwa tena mchezo wa Jumamosi.

Umeandika kama baba yako ni watu wawili, wa msikitini na wa boksi. Mimi najua yule mmoja tu. Alirudi nyumbani 1980, akakuta mambo ya kuishi, nani angemuelezea hizi? Mke hakuwepo kule, wenzake wa msikitini wangeshangaa. Kwa muda mrefu na mimi nilinyamaza hivyohivyo. Lakini mtu akiwa hakitaki kitu anakitupa, hakisafirishi kwa meli mpaka Tanga akakiweka kabatini miaka arobaini na kitu kwenye joto hilo na unyevu wa bahari.

Sasa kuzitunza. Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze, zikilala zinapinda. Mbali na dirisha na mbali na ukuta wa nje wenye unyevu. Bila shaka zina ukungu, usifute kwa spiriti wala kwa shati, chukua maji yaliyosafishwa (distilled), yale ya kuongezea betri, sio asidi, chupa mpya, tone dogo la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, fuata mistari kwa kuzunguka usikate katikati, suuza, zikaushe kivulini. Karatasi za ndani zilizoota madoa toa weka mpya ila majalada usitupe hata liwe limechanika. Mashine ya rafiki yako kama ni ile ya kimkoba ya bei rahisi, sindano yake ni nzito inakwangua, omba mwenye mashine nzuri akurekodie zote mara moja kwenye kompyuta halafu zipumzike. Jaketi usilifue, na pini usichomoe, kutu imeshashika na kitambaa kitachanika.

Ukikuta Sex Pistols yenye lebo ya A&M, namba AMS 7284, simama hapo usiiguse na mkono mtupu. Kampuni hiyo iliwasaini Machi 1977 ikawafukuza siku sita baadaye, nakala kama 25,000 zikateketezwa, zilizobaki ni chache mno na zinauzwa maelfu ya pauni. Nyingine nyingi thamani yake ni ya kawaida, hata hivyo usimkubalie mtu akwambie atakupunguzia mzigo.

Na la mwisho fanya hivi leo usiku. Chukua santuri moja, iinamishe chini ya taa, tazama ile sehemu tupu nyororo kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Mafundi waliokata sahani kuu walikuwa wanachonga maneno pale kwa mkono, madogo sana. George Peckham alichonga A Porky Prime Cut kwenye nyingi, na bendi zilimpa utani wao na salamu zao achonge, upande wa kwanza nusu ya sentensi na upande wa pili nusu nyingine. Tulikuwa tunazisoma kwenye basi la usiku kwa mwanga wa taa za barabarani, tunapokezana, anayesoma kwanza anawasomea wenzake. Baba yako alizisoma zote thelathini, hilo nakuhakikishia. Ziandike moja moja unitumie, nina hamu ya kujua alikuwa nazo zipi.